Shangazi, binti yangu ameitwa timu inayosafiri. Kwangu anasema "sijui", kwa baba yake anasema "nataka sana"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka 10 na mdogo wake wa kiume wa miaka 7. Binti huyu mpira uko damuni. Tangu alipojua kukimbia hajatulia, na kwa misimu kadhaa sasa anachezea timu ya mtaani, wavulana na wasichana wakichanganyika. Mazoezi ni mara mbili kwa wiki baada ya shule, mechi ni Jumamosi asubuhi, na uwanja uko karibu kiasi cha kwenda kwa miguu. Kocha wao ni mzazi kama sisi, mtu wa kucheka, anayesahau matokeo kabla hajafika kwake. Kila mtoto anaingia uwanjani. Wakifungwa wananuna dakika tano, halafu utawakuta wanakimbizana nyuma ya goli.

Hivi karibuni alikuja kocha mwingine kuangalia mechi. Ilipopulizwa filimbi ya mwisho akamvuta mume wangu pembeni. Yeye anafundisha timu ya wasichana chini ya miaka 11, lakini siyo ya kujifurahisha kama hii yetu. Ni timu ya ushindani, ya kuingia kwa mchujo, inayosafiri kwenda miji mingine kucheza ligi na mashindano. Tukampeleka kwenye majaribio, akachaguliwa. Tumepewa hadi mwisho wa mwezi tuseme ndiyo au hapana.

Masharti yenyewe ni haya. Mazoezi mara nne kwa wiki. Mechi karibu kila wikiendi, nusu yake ugenini, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na safari nyingine ni za kulala huko huko. Msimu ni miezi kumi. Ada ya msimu mzima inalipwa mwanzoni na hairudishwi, na hapo hujagusa jezi, begi, nauli na malazi. Tumepiga hesabu tukaona tunaweza, ila akiba tunayoweka kila mwezi itasimama. Haruhusiwi kuchezea timu nyingine. Tena kocha ameshauri aache kuogelea, ambako huenda kila Jumatano tangu akiwa mdogo, ili nguvu zake zote ziende kwenye mpira.

Mume wangu ameshikilia kwamba nafasi kama hii haiji mara mbili. Sitaki umfikirie vibaya, Shangazi. Si mtu wa kupiga kelele kando ya uwanja, na hajawahi kumgombeza mtoto kwa sababu ya mechi. Anasema tu kwamba kwenye timu ya mtaani binti yetu hajifunzi kitu tena, anawapita wenzake kama wamesimama. Na ni kweli. Amezaliwa Januari, ni mrefu, ana mbio, na wakimpa mpira pembeni kule hakuna wa kumshika.

Mimi nina wasiwasi wangu. Nawaza masomo ya jioni. Namuwaza mdogo wake, ambaye mpira haumhusu kabisa, na utoto wake utaishia kwenye kiti cha nyuma cha gari. Nawaza lini tutakaa sisi wanne tukafanya kitu ambacho si mechi. Nikiyasema haya, mume wangu ananijibu kwamba namrudisha mtoto nyuma kwa woga wangu. Huenda ni kweli, sijui.

Ila linaloninyima usingizi ni mtoto mwenyewe. Siku moja nikiwa namsuka nilimuuliza polepole, akaniambia, "Sijui, mama. Naona bora nibaki na wenzangu." Kesho yake nikamsikia kwenye gari akimwambia baba yake, "Nataka sana! Tunaanza lini?" Na sauti ilikuwa ya furaha ya kweli. Nimebaki najiuliza anamdanganya nani kati yetu. Tulipomwambia amechaguliwa, kitu cha kwanza alichouliza ni kama na rafiki yake ameitwa. Hakuitwa. Akanyamaza, akaenda kuvua viatu. Siku hizi hata asubuhi namuona mchovu, juzi nimemkuta anakwenda bafuni kwa ncha za vidole, anasema kisigino kinamuuma kidogo, lakini jioni alikuwa anakimbia kama kawaida.

Shangazi, mtoto wa miaka 10 anajua anachokitaka kweli? Au tuamue sisi wakubwa? Na nikikataa, siku akiwa na miaka 20 akaniuliza kwa nini nilimnyima nafasi yake, nitamjibu nini?

Mama wa Winga

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa usingizi unaokosa.

Nimeisoma barua yako nikaona hukuniuliza kama timu hiyo ni nzuri au mbaya. Unachouliza ni nani mwenye haki ya kuamua, na nani atakayebeba lawama mambo yakienda kombo. Nitafika huko. Lakini kwanza nirudi kwenye jambo ulilolitaja kwa sentensi moja mwishoni ukalipita: kisigino.

Mtoto wa umri huo anayecheza sana, anayeamka akikanyaga kwa ncha za vidole na jioni anakimbia tena, anatakiwa kuonwa na daktari kabla hamjajibu barua ya kocha yeyote. Mimi si daktari na sitampima kupitia kalamu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kuna maumivu ya kisigino yanayowapata sana watoto wa kati ya miaka 8 na 14 hivi, hasa wanaokimbia na kuruka. Yanaitwa ugonjwa wa Sever, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeyaeleza mwaka 1912. Mfupa wa kisigino bado unakua, sehemu yake ya nyuma bado ni laini, na msuli wa nyuma ya mguu unaivuta kila mtoto anapokimbia. Kwa kawaida si jambo la kutisha, na hukoma mfupa ukishakomaa. Lakini dawa yake kubwa ni kupunguza mzigo. Wewe uko mbioni kuamua kama mzigo uongezwe mara mbili. Jibu la daktari linaweza kubadilisha mazungumzo yenu yote nyumbani, maana hapo hamtakuwa tena mnabishana nani mwoga na nani jasiri.

Na hata kisigino kikiwa salama, hesabu ya siku iangalie vizuri. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wanashauri mtoto anayecheza mchezo mmoja kwa nguvu apumzike siku moja hadi mbili kila wiki, na kwa mwaka mzima apate jumla ya miezi mitatu hivi mbali na mchezo huo, hata kama ni mwezi mmoja mmoja kwa vipande. Wanashauri pia kwamba kwa michezo mingi, kujifunga kwenye mchezo mmoja tu kungoje hadi miaka 15 au 16. Binti yako ana 10. Mazoezi manne na mechi wikiendi yanamwachia siku mbili kama mazoezi hayaongezeki, hapo sawa. Miezi kumi inabakiza miwili. Kinachonikwaza zaidi ni kuogelea. Mtoto akiogelea anatumia misuli mingine, magoti na visigino vinapumua, tena anakutana na watu wasiomjua kama "yule winga". Kocha anayeomba kitu hicho kife ana deni la kueleza sababu, na "nguvu zote ziende kwenye mpira" haijanitosha mimi.

Sasa tuje kwa binti.

Unajiuliza anamdanganya nani. Mimi naona hamdanganyi yeyote. Mtoto wa miaka 10 anawasoma wazazi wake kuliko anavyosoma vitabu vya shule. Ameshajua baba akitaja timu ile uso unachangamka, na mama akiitaja mkono unasita kwenye nywele. Kila mmoja amempa jibu la kumtuliza. Huyo si mwongo, ni mtoto anayelinda amani ya nyumba, na hiyo ni kazi nzito kwa umri wake.

Nikuombe jambo moja gumu hapa. Wewe umeichukua ile "sijui" kuwa ndiyo kauli ya moyo wake, na ile "nataka sana" kuwa ya kumridhisha baba. Je, kama ni kinyume? Je, kama majibu yote mawili ni ya kweli, kwamba anaitamani timu ile na hapo hapo anaogopa kumwacha rafiki yake? Mtu mzima akipewa kazi nzuri katika mji wa mbali hulia na kucheka siku hiyo hiyo, wala hatumwiti mnafiki.

Kwa hiyo njia ya kumuuliza ndiyo inayotakiwa kubadilika. Msimuulize kila mmoja kwa wakati wake, mtaendelea kuvuna majibu mawili. Kaeni wote wawili mbele yake, na kabla hajafungua mdomo, baba amwambie kwa kinywa chake kwamba akibaki timu ya mtaani hatavunjika moyo, na wewe umwambie kwa kinywa chako kwamba akienda utamshangilia. Kama kuna mmoja wenu hawezi kuyasema hayo kwa dhati, basi mazungumzo ya kwanza ni yenu wawili, mtoto akiwa amelala.

Halafu msimuulize "unataka au hutaki". Muulizeni vitu anavyoweza kuviona. Kwenye majaribio ulifurahia nini? Kuna kilichokukera? Ukikaa benchi nusu ya mechi utajisikiaje? Jumatano bila kuogelea itakuwaje? Nani utamkumbuka zaidi? Mengine hamna haja ya kuuliza, angalieni tu. Mtoto aliyetoka mazoezini akiwa anasimulia njia nzima, na aliyetoka akitazama dirishani kimya, hawajaona kitu kimoja. Kama kocha ni mtu wa kuelewa, ombeni ahudhurie mazoezi ya wiki moja au mbili kama mgeni kabla hamjalipa chochote.

Je, anajua anachokitaka? Sehemu anaijua. Anajua kama anapenda kucheza na watoto wanaomzidi, na kama kuogelea ni kitu chake au ni ratiba tu. Asichoweza kujua ni miezi kumi ya wikiendi ugenini ilivyo, kwa sababu hata nyie hamjui. Basi msikilizeni kwa yale ayajuayo, na mbebe wenyewe yasiyo ya umri wake: pesa, afya, na mdogo wake. Msimwambie "uamuzi ni wako" kisha mkamtwisha na hayo.

Mume wako anasema nafasi haiji mara mbili. Naielewa hofu hiyo, na imejengwa juu ya kitu cha kweli, kwamba mtoto anayewapita wenzake bila jasho anaweza kudumaa au kuchoka. Anahitaji wa kumsumbua kidogo, na wasichana wengi hawapati timu ya kuwasumbua hivyo. Hoja yake ina uzito na usiitupe. Ila hiyo "mara mbili" ndiyo naomba tuikague.

Alex Morgan, aliyetwaa Kombe la Dunia la wanawake na Marekani mwaka 2015 na 2019, hakuingia klabu ya ushindani hadi alipofika miaka 14. Kabla ya hapo alikuwa anacheza michezo tofauti tofauti. Harry Kane aliachwa na Arsenal akiwa bado hajafika miaka 10, na mwaka 2023 akawa mfungaji bora wa muda wote wa timu ya taifa ya Uingereza. Nakutajia hawa kwa tahadhari, kwa sababu mifano ya mastaa ni mitamu na kila upande unao wa kwake. Mume wako naye anaweza kunitajia Messi, aliyevuka bahari kwenda Barcelona akiwa na miaka 13. Tusichokiona ni maelfu ya watoto waliopita njia zote mbili wakaishia kuwa watu wazima wa kawaida wanaopenda mpira, na kwa hao swali la maana ni kama walifurahia utoto wao. Ninachotaka kusema ni kidogo tu: mlango wa miaka 10 si wa mwisho.

Kuna na hili la kuzaliwa Januari. Mashindano ya FIFA ya vijana hukata umri tarehe 1 Januari, na nchi nyingi zinafuata hivyo hivyo. Kama na ligi yenu inahesabu hivyo, mtoto wa Januari na wa Desemba wanawekwa kundi moja ingawa wametofautiana karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka 10 mwaka mmoja ni sehemu ya kumi ya maisha yake yote. Watafiti wameona kwa miaka mingi kwamba timu za vijana zinazochagua kwa mchujo hujaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka, jambo linaloonekana zaidi kwa wavulana, lakini kwa wasichana pia lipo. Simwondolei binti yako kipaji chake. Nasema tu kwamba urefu na mbio alizonazo leo huenda kwa sehemu ni umri, na wenzake watamfikia. Akiwa amejengewa sifa ya "hakuna wa kumshika", siku atakayoshikwa itamuuma. Hapo ndipo utakapotaka awe mikononi mwa kocha gani?

Maana kocha ndiye timu. Ukiniuliza mimi, kabla ya kujadili ada ningekwenda kuangalia mechi yao moja, na ningeomba iwe ile wanayofungwa. Usitazame mpira, tazama benchi. Mtoto akitoka baada ya kukosea, kocha anamwambia nini? Anamtazama kweli, au anampita kama kiti? Wale ambao hawajaingia wamekaaje? Kisha nenda kaegemee gari lako na usikilize wazazi wengine wanazungumza nini na watoto wao wakati wa kuondoka. Utajifunza mengi kuliko yaliyomo kwenye karatasi ya masharti.

Na yapo maswali ya kumuuliza ana kwa ana. Amesajili watoto wangapi, na uwanjani wanaingia wangapi? Katika umri huu sehemu nyingi huchezwa saba kwa saba au tisa kwa tisa. Kama ni saba na yeye amesajili kumi na sita, binti yako anaweza kukaa saa nne barabarani akacheza dakika 20, wakati kwa kocha wa mtaani angecheza mechi nzima na kuugusa mpira mara nyingi zaidi. Wanapashaje mwili moto? FIFA ina programu maalum ya watoto, 11+ Kids, ya kupunguza majeraha, na kocha makini ataijua au atakuwa na yake. Akiumia katikati ya msimu, ada inakuwaje? Kuogelea kunaweza kubaki hata kwa mazoezi matatu badala ya manne? Na safari za kulala: nani anakwenda nao, wanalala wangapi chumba kimoja, mtu mzima gani ana ruhusa ya kuingia, na je, kocha huwaandikia watoto ujumbe binafsi kwenye simu au kila kitu kinapita kwa wazazi? Hili la mwisho usiliulize kwa aibu. Anayestahili kukabidhiwa watoto hachukizwi nalo, na anayechukizwa ameshakujibu.

Mmejifunga pia kwenye njia mbili tu, ile timu au kubaki kama mlivyo. Huenda zipo nyingine katikati. Timu ya mtaani inaweza kumpandisha acheze na wakubwa wake kwa mwaka au miwili. Pengine ipo timu ya wasichana yenye mazoezi mara mbili au tatu na safari fupi. Mnaweza kumwomba kocha huyu huyu amruhusu kufanya mazoezi nao mara moja kwa wiki msimu huu na kujiunga rasmi mwakani, wengine hukubali na wengine hukataa, lakini kuuliza si kosa. Wala si kila mahali watoto wa umri huu wanaharakishwa hivi. Norway, kwa mfano, kanuni za michezo ya watoto haziruhusu jedwali la matokeo wala msimamo kabla ya mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, na zinampa mtoto haki ya kushiriki kupanga na kuamua kuhusu michezo yake mwenyewe. Ni nchi ya watu milioni tano na ushee, na ndiyo iliyomkuza mshambuliaji Erling Haaland katika mji mdogo wa Bryne. Sikuambii kanuni zile ndizo zilizomtengeneza Haaland. Hazikumzuia, basi.

Mkisema ndiyo, hatari ninayoiona mapema ni ile ada isiyorudi. Pesa ikishalipwa, watoto wanaanza kuhisi wana deni. Mwezi wa nne atachoka, atataka kusema, atakumbuka akiba ya nyumbani ilisimama kwa ajili yake, atanyamaza. Kama mtalipa, ihesabuni imekwenda siku hiyo hiyo, na msiitaje mbele yake hata kwa utani. Kubalianeni tangu mwanzo siku ya kukaa tena, labda katikati ya msimu, mumuulize kama anaendelea, na awe anajua kwamba "hapana" ya siku hiyo itapokelewa.

Mkisema hapana, nayo ina gharama yake. Anaweza kuumia, anaweza kukununia wewe zaidi kwa sababu atajua ulikuwa upande gani, na ule mwaka wa kucheza bila upinzani unaweza kweli kumpunguzia hamu. Ndiyo maana hapana hiyo isitoke kwako peke yako, na isiwe ya milele. "Mwaka huu hapana, mwakani tutazungumza tena" ni tofauti sana na mlango uliofungwa.

Umeniuliza utamjibu nini akiwa na miaka 20. Utamwambia mlichokijua siku hiyo na mlichokihofia, kama ulivyoniandikia mimi. Hata mkikubali, hujakwepa swali. Anaweza kukuuliza pia kwa nini mlimruhusu aache kuogelea.

Kuhusu "woga wako", sidhani neno hilo linakutendea haki, na pia sidhani mumeo alilitafuta kukuumiza. Wewe unahesabu vitu ambavyo havina ubao wa matokeo: chakula cha pamoja, kazi za shule, mtoto wa pili. Mpe hesabu hiyo kwa maneno yake, siku kwa siku, wikiendi kwa wikiendi, mwezi mmoja mzima kwenye karatasi, mkiwa mmekaa upande mmoja wa meza. Mkiandika nani anampeleka nani wapi Alhamisi jioni, mtajua haraka kama jambo hili linabebeka na nani ataelemewa. Ukiona safari zote za katikati ya wiki zimeandikwa jina lako, hilo nalo ni la kuzungumza kabla ya kusaini.

Katika barua nzima, mdogo wake ndiye pekee ambaye hakuna aliyemuuliza chochote. Ana miaka 7, hatawapa jibu la busara, lakini anaweza kuwaambia anachokitaka yeye Jumamosi. Labda atafurahia safari. Labda mtagundua kwamba mzazi mmoja anaweza kubaki naye mara moja kila wiki mbili, wakafanya lao.

Mwisho wa mwezi uko karibu, kwa hiyo pangeni hivi: daktari wiki hii, mechi ya kuangalia wikiendi hii, kikao cha watu watatu baada ya hapo. Kama siku hazitoshi, mwandikieni kocha mumwombe wiki mbili zaidi, mkimweleza wazi kwamba mtoto anaangaliwa kisigino. Soma vizuri atakavyokujibu. Kisha niandikie tena, unieleze daktari amesemaje.

Shangazi